Deni la Cibalonza

Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi,
tunamwaga sadaka ya Jumapili mezani:
mimi, Sista Beata, na Papa Mushagalusa
aliyefunga miwani yake kwa uzi.
Noti zinanuka sambaza,
zinanuka mawese na vifua vya akina mama
zilimokuwa zimefichwa.
Ipo iliyobandikwa skochi kama kidonda,
ipo ya mia moja iliyopotelewa na tembo wake.
Tunazinyoosha kwa kiganja, moja moja.

Zamani nilikuwa karani wa posta.
Barua zilikoma, mshahara ukafuata.
Nilibaki na muhuri, na kujua kuhesabu.

Kwaresima, Jumapili ya pili,
katikati ya noti tulikuta kikaratasi
kilichochanwa kwenye daftari la shule:
*Bwana Mungu, leo sina.
Uniandikie deni, faranga elfu moja.
Ni mimi Cibalonza, wa shirika la Kizito,
kule juu, nyumba ya bati jekundu.*

Sista alicheka, kisha hakucheka.
Papa Mushagalusa akauliza:
"Hii tunaiandika wapi?
Kwenye mapato, ama kwenye madeni?"
Daftari la parokia halina safu ya namna hiyo.
Nikakitia mfukoni mwa shati.

Jumapili iliyofuata:
*Sasa ni elfu mbili.
Mvua imebeba ukuta wa jikoni. Usinichoke.*

Na iliyofuata:
*Elfu tatu. Lakini mtoto amepona malaria,
kwa hiyo ongeza hapo utakacho.*

Ongeza hapo utakacho!
Nilishuka Kadutu kwa mguu siku ile,
tope likivuta viatu,
neno hilo likinisumbua kama jiwe ndani ya soksi.
Nani humwachia mdai wake kalamu?
Dawa ya deni ni kulipa, tumefundishwa hivyo,
na mimi nimewahi kujificha chini ya kitanda
mwenye duka akibisha mlangoni.
Watu wa umeme huniletea bili
hata mwezi ambao taa haikuwaka.
Chini kule ziwa lilikuwa limelala, la kijivu,
limejaa mpaka ukingoni,
na tangu nizaliwe
halijanitumia karatasi yoyote.

Nikaanza kuhesabu, maana ndiyo kazi yangu.
Mke wangu, aliyeamka toka upasuaji akaomba chai.
Usiku ule wa risasi, na asubuhi yake.
Meno yangu, yaliyobaki.
Kufika kwenye ngazi za soko nilikuwa nimepotea,
nikaanza upya, nikapotea tena.

Siku ya Pasaka watu walicheza na matoleo yao:
mkungu wa ndizi, mche wa sabuni,
kuku aliyefungwa miguu akipinga kwa sauti.
Cibalonza hakuwa kwenye mstari ule.
Nilimwona kwenye komunyo,
kitenge kimefifia, mikono miwili mbele,
mitupu, imepasuka kwa maji ya kufulia.
Padri Murhula hakumwuliza daftari.
"Mwili wa Kristo."
"Amina," akasema, kwa sauti
ya mtu anayepokea kilicho chake.

Usiku nilitafuta muhuri wangu,
nikaupulizia vumbi, nikaulowesha kwa wino wa biki.
Tarehe yake ilikwama miaka mingi.
Nikagonga vikaratasi vyote vitatu:
BUKAVU. BUKAVU. BUKAVU.
Ndivyo tulivyokuwa tukifanya
barua ikishafika.

Leo Jumatatu, kingine,
kimeviringishwa na noti ya mia mbili:
*Nimeanza kulipa. Zilizobaki usizifute,
hata Padri akikuombea kwa ajili yangu.
Napenda kuwa na deni kwako.*

Papa Mushagalusa ananisubiri na kalamu.
Mia mbili, namwambia.
Ngoja. Nihesabu tena.